Sahihi za Siku Moja

Katika gazeti hili hakuna mtu anayejua kumwacha msomaji akining'inia kama mimi. Wiki iliyopita nilimwacha Fundi mbele ya dirisha la benki, mkono kifuani, mdomo wazi, na muuza magazeti wa mtaani kwetu akaniambia watu walizigombania nakala kama vocha za bure. Nikatembea kutwa nzima shingo juu. Jioni nikakaa niandike, nikagundua kuwa mimi mwenyewe sijui nitamtoaje pale dirishani. Ikabidi nimwendee jirani aniazime akili pamoja na kalamu. Kalamu alinipa.

Basi Fundi bado amesimama palepale.

Na wewe uliyefungia sabuni gazeti la wiki jana kabla hujalisoma, sogea hapa nikukumbushe. Fundi ni mwanamke anayeshona mashuka na magauni ya wagonjwa wa hospitali kuu. Mumewe, Mnoa Visu, amelala nyumbani na mguu unaooza. Shoka la bucha lilimponyoka akilinoa, likamkata kidole cha mguu, na kwa kuwa mwili wake una sukari, kidonda kikakataa kupona. Weusi ulianza kidoleni, ukala unyayo, ukapanda kifundo.

Daktari alichukua kalamu ya wino mzito akachora mstari kwenye muundi. "Tutakata juu ya hapa," alisema. "Weusi ukiuvuka mstari huu, msiniletee. Nitakuwa nakata maiti."

Pesa za kukatia zilikuwa benki, kwenye akaunti ya hundi ya Fundi. Aliandika hundi yake vizuri, akaipeleka hospitali, hospitali ikamrudishia. Ndiyo maana alikuwa dirishani.

"Rudia," alimwambia msichana wa benki. "Rudia taratibu. Masikio yangu yameharibiwa na cherehani."

"Mama, akaunti yako haina kitu. Imebaki ile ndogo ya kuizuia isifungwe."

"Hiyo ndogo ni kiasi gani?"

"Hata bodaboda ya kukurudisha nyumbani haitoshi."

Fundi hakuanguka. Watu kwenye foleni walisogea wampishe aanguke, akawanyima. Alisema, "Niitie mkubwa wako."

Meneja alimkalisha chini ya feni iliyokuwa ikizunguka bila kutoa upepo. Akaweka mezani hundi iliyolipwa, akaigeuza imwelekee.

"Sahihi hii ni ya nani?"

Fundi aliinama. Ile herufi ya kwanza iliyojikunja kama ndoano, ule mkia wa mwisho ulioshuka chini halafu ukajuta ukapanda. Ilikuwa yake kabisa.

"Yangu."

"Basi ulichukua pesa mwenyewe."

"Sijachukua."

"Ulimpa mtu."

"Sijampa mtu."

"Mama," meneja alisema, akijilazimisha kuwa mpole, "sahihi haina miguu ya kuja hapa peke yake."

Fundi aliutazama mkono wake. Aliujua mzizi wa mambo, na ulikuwa mkononi mwake mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Hospitali ilipoacha kulipa taslimu, mhasibu alimwambia afungue akaunti, la sivyo mashuka yake ayavae. Akaenda na picha zake, kitambulisho, na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Akafunguliwa. Akapewa kadi atie sahihi ya mfano, akaitia kwa madaha, kalamu ya benki ikiwa imefungwa kwa kamba fupi kama mbuzi. Akapewa kitabu cha hundi. Siku hiyo alikibeba kifuani mpaka nyumbani, akamwonyesha hata jirani asiyesalimiana naye.

Hundi ya kwanza alimwandikia muuza vitambaa. Ikarudi. Sahihi haifanani na ya kwenye kadi.

Ya pili, ikarudi. Mkono ulikuwa umetoka kwenye cherehani, ukitetemeka.

Sasa, mtu mwingine angeuliza. Lakini Fundi ni fundi. Ukimpa kazi ya sare, kola zote anazikata siku moja, kwa mkasi mmoja, kwa kiolezo kimoja, maana kola ya leo na kola ya kesho haziwi ndugu. Kwa hiyo asubuhi moja mkono wake ulipoamka umetulia, aliketi mezani, akaweka mbele yake nakala ya hundi ya tatu, ile pekee iliyokubaliwa, iwe kiolezo, akatia sahihi kitabu kizima. Ukurasa baada ya ukurasa. Zikatoka zinafanana kama mapacha. Akakirudisha kitabu kwenye droo ya cherehani, akaendelea na magauni yake, roho baridi.

Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Zote?"

"Zote."

"Tupu? Bila jina, bila kiasi?"

"Hayo ningeyajaza nikihitaji. Kazi ngumu si ile sahihi?"

"Mama, ni sawa na kumwaga pesa mezani na kusema jamani karibuni." Aligonga kidole kwenye hundi. "Tazama. Palipotakiwa jina, pameandikwa TASLIMU. Hundi ya namna hii, anayeileta ndiye anayelipwa."

"Kwa hiyo mbuzi akija nayo mnamlipa?"

"Mbuzi hapangi foleni, mama."

Fundi aliyatazama maandishi. Herufi kubwakubwa, zimeegemeana kama walevi wanaosindikizana. Hakuyatambua. Tarehe ilikuwa ya juzi. Juzi yeye alishinda hospitali akipeleka mashuka.

"Na msichana aliyemlipa huyo mtu yuko wapi?"

"Ameanza likizo ya uzazi jana. Lakini mlinzi wa mlangoni yupo, leo anapumzika tu. Huyo hasahau mtu. Nitamtuma kwako jioni aje amtambue, kama una unayemshuku." Meneja akasita. "Unaye?"

Fundi alikuwa naye. Jina lilikuwa limeshampanda kooni, na lilikuwa chungu kuliko nyongo.

"Zizuieni zilizobaki," alisema, akainuka. "Na huyo mlinzi asichelewe. Nisipolipa, kesho asubuhi kitanda alichowekewa mume wangu hospitali anapewa mgonjwa mwingine."

*

Nyumba ya Fundi ni vyumba viwili. Cha mbele kina cherehani na vitambaa. Cha nyuma kina kitanda cha Mnoa Visu, na kando ya kitanda, imeegeshwa ukutani, ile baiskeli yake ya kunolea: haina gurudumu la mbele, jiwe lake limekaa juu ya usukani, pedeli yake ya kulia imelika kwa miaka ya unyayo uleule mmoja.

Siku hizi Mnoa Visu alikuwa akimwomba dada yake aikanyage kidogo, asikie tu jiwe likizunguka.

Harufu ilimpokea Fundi mlangoni. Wageni walikuwa wameacha kuja kwa sababu yake. Wanatuma salamu kupitia dirishani, kisha wanakohoa na kuondoka.

Wifi yake, dada wa Mnoa Visu, alikuwa juu ya kigoda akifukuza nzi kwa kipande cha boksi. Mwanamke mwembamba, mdomo mnene. Alihamia hapo kumuuguza kaka yake, na kazi hiyo aliifanya vizuri, ila hakuifanya kimya.

"Wamesemaje?" Wifi aliuliza.

"Zimeibwa. Zote."

Boksi lilidondoka. "Mungu wangu! Na nani?"

"Mtu aliyejua hundi zina sahihi. Aliyejua ziko droo gani."

"Mimi hundi siijui kichwa wala mkia! Hata uniwekee hapa nitapanguzia meza."

"Sijasema wewe, wifi."

Mnoa Visu alikuwa amelala akiitazama dari. Alikuwa ameyasikia yote. Uso wake, uliobaki mifupa na macho, haukustuka.

"Pesa ni kitu cha kupotea," alisema. "Basi, mke wangu. Waambie hospitali wampe kitanda mwenye nazo."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nilikuwa tayari. Wewe ni shahidi. Nilimwambia daktari kata, mguu si roho. Si nilisema?"

Alisema kweli. Tena alimtania daktari, akamuuliza ni nani anayewanolea visu vyenu, maana nisije nikakatwa kwa kisu butu kama nyama ya msibani. Daktari alicheka. Wauguzi walicheka. Fundi alicheka mpaka akalia. Alisema moyoni, nimeolewa na mwanamume.

Aliketi ukingoni mwa kitanda. "Ngoja niuone mstari."

"Usiguse!"

Alipaza sauti mpaka nzi waliruka.

"Nautazama tu."

"Leo unauma kuliko siku zote. Uache."

"Ndiyo hali yake hiyo tangu juzi," Wifi alisema. "Hataki nibadilishe bendeji. Nikisogea ananifukuza kama kuku. Amejiongezea matambara mwenyewe, mguu umekuwa kama gunia la mkaa."

"Inanipa joto," Mnoa Visu alisema, akageukia ukuta.

Fundi alimfunika shuka. Mtu anayejua anakufa, aliwaza, mwache na matambara yake. Kisha akamgeukia Wifi.

"Nenda kamwite mdogo wangu."

Macho ya Wifi yaling'aa. Heri zake chache za dunia hii zilikuja namna hiyo. "Tai? Nilijua! Moyo wangu ulinituma tangu mwanzo, nikanyamaza kwa ajili yako!"

"Wewe hujawahi kunyamaza, wifi. Nenda."

*

Mdogo wake Fundi wanamwita Tai kwa sababu hana siku anayotoka bila tai shingoni. Ni karani kwenye duka la kutoa nakala na kuandika barua za maombi. Mama yao alipofariki, Fundi alimbeba mgongoni huku akijifunza kushona. Mtoto alikua akidhani mlio wa cherehani ni wimbo wa kulalia. Na ni yeye, Tai, aliyemfundisha dada yake kujaza hundi. Hapa jina. Hapa kiasi kwa maneno. Hapa piga mstari, mtu asiongeze sifuri.

Alifika akihema, tai imepinda, na miguuni, aisee, viatu vipya.

Wifi aliviona kabla hajaona uso. "Vinang'aa! Kiwi hiyo au hundi hiyo?"

"Shikamoo, dada," Tai alimwambia Fundi, akiuruka ule mdomo. "Shemeji anaendeleaje?"

Fundi hakuitikia. "Viatu umevitoa wapi?"

"Nimekopa dukani. Nalipa kidogokidogo. Kwani kuna nini?"

"Ulijua nimetia sahihi hundi zote?"

"Nilijua. Na nilikukataza. Nilikwambia dada, chana hizo, ukasema nakuonea wivu kwa kuwa sahihi yangu mbaya."

Hilo lilikuwa kweli, na likamchoma zaidi.

"Nani mwingine alijua?"

Tai alitazama huku na huku. "Humu ndani? Sisi tu tuliomo humu."

"Mimi sijui kusoma!" Wifi akapaza. "Kaka yangu yuko kitandani! Mwenye akaunti amejiibia? Hesabu mwenyewe, wewe msomi!"

"Juzi ulikuwa wapi?" Fundi aliuliza.

"Kazini."

"Kutwa?"

Tai alimeza mate. Tai, ile ya shingoni, ilipanda ikashuka. "Mchana nilitoka kidogo. Nilikuja hapa."

"Aha!" Wifi alipiga kofi.

"Nilikuja kumjulia hali shemeji! Nikabisha, nikabisha, hakuna aliyeitika. Nikazunguka dirishani, nikaita. Kimya. Nikajua mmempeleka hospitali, nikarudi kazini."

Halafu Wifi alianza kucheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyeokota alichokuwa akikitafuta.

"Umesikia, wifi? Kimya! Mimi nilikwenda sokoni, wewe ulikuwa hospitali, lakini kaka yangu je? Kaka yangu asiyeweza hata kuteremka kitandani? Alipaa?"

"Mimi nasema nilichokiona."

"Kaka! Juzi mchana ulikuwa wapi?"

Mnoa Visu alitoa sauti bila kugeuka. "Nitakuwa wapi mimi? Nilikuwa hapa. Labda nililala."

"Shemeji, niliita kwa nguvu," Tai alisema. "Nilikuita mara nyingi."

"Nilikuwa nimemeza dawa, shemeji yangu. Mgonjwa hulala."

Fundi alimtazama mdogo wake. Aliliona jasho juu ya mdomo wake wa juu, lilelile alilokuwa nalo utotoni akivunja sahani. Akasahau kuwa mtoto yule alitoka jasho hilohilo hata pale sahani ilipovunjwa na paka.

"Ulimkuta amelala," alisema polepole. "Ukaingia. Ukafungua droo."

"Dada!"

"Mguu wa mume wangu umeuvaa miguuni mwako."

"Dada, kwa jina la mama..."

"Usimtaje mama!" Alimkamata ile tai, akamvuta mpaka wakakaribiana pua kwa pua. "Kesho anakufa mtu humu! Unanielewa? Anakufa! Mume wangu, nipe fimbo yako ya kutembelea."

Mnoa Visu aligeuka upesi. "Fimbo ya nini?"

"Nimvunje nayo huyu."

"Iko chini ya kitanda, huko ndani kabisa. Iache. Ukisukuma kitanda utaniua kwa maumivu." Akaongeza, kwa sauti laini, "Mwache kijana aende. Nimemsamehe."

Na hayo maneno, msomaji wangu, ndiyo yaliyomwua Tai. Marehemu mtarajiwa amemsamehe! Kama kulikuwa na chembe ya shaka kifuani mwa Fundi, ilikufa hapo. Hakuhitaji fimbo. Alimpiga kofi la uso, kwa ule mkono wa cherehani.

Tai hakujikinga. Machozi yalimtoka kama mtoto. "Ulinibeba mgongoni," alisema. "Dada, wewe ulinibeba mgongoni."

"Ningekuacha chini. Mlinzi wa benki yuko njiani kuja kukutambua. Akishakutambua, utakwenda naye polisi, na mimi sitakuja kukuletea hata sahani ya chakula. Huna dada tena."

Kitandani, Mnoa Visu alijiinua kwa viwiko.

"Mlinzi gani?"

"Wa benki. Anakuja jioni hii."

"Ya nini kusumbua watu? Nimekwambia nimemsamehe."

"Wewe umesamehe. Mimi bado."

"Mke wangu, mfungie mlango. Mimi ni mgonjwa. Sitaki wageni wanione hivi. Mke wangu! Nisikilize..."

Mlango ulibishwa.

*

Mlinzi alikuwa mtu mrefu, ikabidi ainame kuingia chumba cha mbele, ambako Fundi, Wifi na Tai walikuwa wametoka kumpokea. Alivua kofia. Kwapani alikuwa amebana kitu kirefu kilichoviringishwa gazeti. Naomba lisiwe la wiki jana, na kama ni la wiki jana, basi lisiwe ukurasa wangu.

"Hodi wenyewe. Nimetumwa na meneja."

Wifi hakumpa hata nafasi ya kusalimia. Alimshika Tai mabega kwa nyuma, akamsukuma mbele mpaka kwenye mwanga wa dirisha.

"Ni huyu! Mtazame vizuri. Mtazame pua, mtazame hivi viatu!"

Mlinzi alimtazama. Akamzunguka kidogo. Tai alifumba macho.

"Huyu simjui," mlinzi alisema.

"Mtazame tena!"

"Mama, simjui."

"Labda siku hiyo hakuvaa tai! Itoe tai, wewe!"

"Hata mkimvua nguo zote. Aliyekuja benki juzi hakuwa kijana."

Fundi aligeuka. Alimtazama Tai, na Tai alifumbua macho, na alama ya vidole vyake vyote ilikuwa imesimama shavuni mwa yule mtoto.

"Alikuwa nani?" aliuliza.

Pua za mlinzi zilikuwa zimeanza kucheza. Alitazama nzi. Alitazama pazia lililotenganisha vyumba, lililokuwa limefunguliwa nusu, na nyuma yake ncha ya kitanda.

"Harufu hii," alisema chinichini. "Hii harufu, mama, juzi ilituondolea foleni nzima. Watu walitoka nje kupumua. Yule msichana wa dirishani, na ujauzito wake ule, alimlipa haraka bila hata kuuliza kitambulisho, ili aondoke. Aliingia amejikongoja, jasho linamtiririka, mguu mmoja umefungwa matambara, mwingine una kandambili. Wakati wa kutoka, dereva wa bodaboda alimbeba karibu mzimamzima. Mikono yake yote miwili ilikuwa imekumbatia bahasha. Kwa haraka ile akasahau hii pale kaunta. Nikamwekea, nikijua atarudi."

Akalifungua lile gazeti.

Fundi aliijua kabla haijatoka nusu. Fimbo ya mti mweusi, na kwenye mshikio kitambaa cha shuka la hospitali alichokikunja mara tatu kisiumize kiganja, akakizungushia mshono wa mkono. Hakuna fundi mwingine mjini anayeshona hivyo. Ni kazi yake kama ile sahihi.

Wifi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie nyumba ile, hakikutoka kitu.

Fundi aliichukua fimbo, akapita pazia, akasimama mbele ya mumewe.

"Hii ni nini?"

Mnoa Visu aliitazama. "Fimbo."

"Ya nani?"

"Nitajuaje? Fimbo zinafanana. Yangu iko chini ya kitanda."

Fundi alipiga magoti. Hakukisukuma kitanda. Aliinua tu shuka lililoning'inia, akainamisha kichwa. Chini palikuwa na beseni, na kandambili moja, tope lake la barabarani halijapukutika. Fimbo haikuwepo.

"Haipo," alisema akiwa bado chini.

"Tazama vizuri. Huenda imesogea ukutani."

"Mume wangu. Haipo."

Hapo Mnoa Visu aliachia kichwa chake kikaanguka kwenye mto. Aliponena, alinena akiitazama ile baiskeli.

"Wewe unajua vitambaa," alisema. "Mimi najua visu. Maisha yangu yote nimevinoa. Najua kisu kinavyosema kwenye nyama, najua kinavyosema kikifika mfupani. Wachinjaji waliletewa ng'ombe mbele yangu, nikasikia. Siku daktari alipochora ule mstari nilicheka, si uliniona? Tangu siku hiyo nakisikia kisu kila nikifumba macho. Siwezi. Nizikeni na miguu yangu."

"Ungeniambia."

"Ungenipeleka kwa nguvu. Pesa zilikuwepo. Zikikosekana, hakuna wa kunipeleka."

Kwenye pazia Tai alikuwa amesimama, mkono shavuni. "Shemeji," alisema, "ulikuwa radhi nifungwe?"

Mnoa Visu hakumtazama. "Nilikusamehe mbele ya watu. Nilidhani yangeishia hapo."

Fundi alisimama. "Pesa ziko wapi?"

"Nimezigawa."

"Kwa nani?"

"Watu. Ombaomba. Njiani huko. Zimekwisha, mke wangu, hakuna hata noti. Yaishe. Kaa hapa karibu nami, tungoje tu."

Aliposema hivyo aliuvuta mguu mbovu, kidogo tu, mbali na upande wa mkewe. Mguu ambao kuuvuta hivyo kulimtoa machozi. Mguu ulionenepa tangu juzi.

Fundi aliuona ukisogea. Alikwenda chumba cha mbele, akarudi na mkasi wake mkubwa, ule wa kukatia kola. Makali yake alikuwa ameyanoa Mnoa Visu mwenyewe, kila mwezi, bila malipo, tangu wafunge ndoa.

"Wifi, mshike mabega. Mdogo wangu," na hapa sauti ilimkatika, "mdogo wangu, nisaidie kumshika goti."

"Usikate!" Mnoa Visu alilia. "Humo mna kidonda tu! Naapa, mke wangu, kidonda kitupu!"

Mkasi ulipita kwenye tambara la juu kama unavyopita kwenye hariri. Harufu iliinuka ikampeleka mlinzi mlangoni. Noti ya kwanza ilichungulia, imelowa, imegeuka rangi, ikateleza ikaanguka sakafuni. Ikafuata ya pili. Kisha zikaja pamoja, zimegandana, bunda zima, na Mnoa Visu akaufunika uso wake kwa mikono.

Lakini Fundi hakuinama kuziokota. Alikuwa ameufikia utepe wa mwisho wa bendeji, ule uliogusa ngozi, na chini yake, mahali fulani, ulikuwa mstari wa daktari.